Viungo vya maneno ya Waraeti na Waetruski

Aliyesoma Kilatini katika seminari anamjua Titus Livius. Katika kitabu chake cha tano anasema kwamba Waraeti, watu wa milima ya Alpi, ni uzao wa Waetruski, wala hawakubakiza kitu cha asili ila mlio wa lugha, nao umeharibika. Plinius anaongeza kwamba walifukuzwa na Wagalli. Je, tusadiki?

Profesa Helmut Rix alijibu katika kitabu chake kidogo, Rätisch und Etruskisch, kilichotolewa Innsbruck mwaka wa 1998. Sifa yake ya kwanza ni hii: hakutegemea mlio. Maneno huazimwa. Kiswahili kiliazima «kitabu» kwa Waarabu, lakini «vitabu» na «kitabuni» ni ufundi wetu wenyewe. Kwa hiyo Rix alitazama viungo vinavyoshikwa mwisho wa neno.

Katika Kietruski, suthi ni kaburi, na suthina ni kitu cha kaburi. Neno hilo liliandikwa juu ya vyombo vya wafu. Kiungo -na huunda pia majina ya jamaa. Kiraeti nacho kinaonyesha baba wa mtu kwa -nu, akiwa mwanamume, na kwa -na, akiwa mwanamke. Mwetruski aliandika turuce, maana yake «alitoa». Tendo lililopita la Kiraeti huishia kwa -ke. Tena viungo -si na -le, vya kumtaja mtu anayehusika na tendo, viko pande zote mbili. Kiungo kimoja kingekuwa bahati tu. Vingi vyenye kazi ileile ni udugu.

Lakini udugu si uzao. Maandishi ya kwanza ya Kiraeti yalitangulia uvamizi wa Wagalli, wa mwaka wa 400 hivi mbele ya Kristo. Hapo habari ya Plinius yaanguka. Rix alifundisha kwamba lugha hizo, pamoja na ile ya kisiwa cha Lemnos, zilitoka katika mama mmoja wa zamani zaidi.

Upungufu upo: maandishi ya Kiraeti ni machache na mafupi, mengi ni majina na sadaka. Juu ya msingi mwembamba hivyo, tusijenge ghorofa.

Nasema hayo kwa sababu hata kati yetu wako wanaookota neno moja la kikwetu, wakalilinganisha na neno moja la Kiebrania, kisha wakahubiri kwamba mababu zetu walitoka Palestina. Ndugu zangu, huo ni mlio tu. Watuonyeshe viungo kwanza. Mwenye kufundisha kweli ya Mungu asiwalishe waamini mambo ya kubahatisha.