Clippers Walilipa kwa Kijana Waliyemhitaji Wenyewe

Kosa la Clippers halikuwa kumsajili Kawhi Leonard. Mchezaji huru aliyetoka kuipa Toronto ubingwa, MVP wa fainali kwa mara ya pili katika maisha yake ya kikapu, ukipata mwanya wa kumsajili unamsajili bila kuuliza mara mbili. Kosa lilikuwa bei waliyokubali kumlipia Paul George usiku uleule, na ndani ya bei hiyo lilikuwa jina moja: Shai Gilgeous-Alexander. Hukumu yangu ni ileile ya Julai 2019, na fainali za 2025 zimeiongezea uzito.

Tetesi za wiki ile mnazikumbuka. Soko lilifunguliwa Juni 30, Durant na Irving wakaenda Brooklyn siku ileile, kisha dunia nzima ikasimama kumngoja mtu mmoja asiyesema. Lakers, Clippers au abaki Toronto? Televisheni za Canada zilirusha helikopta kufuata msafara wa magari kutoka uwanja wa ndege. Watu walichambua nyumba, ndege, marafiki wa mjomba wake. Nina ugomvi wa siku nyingi na uandishi wa namna hii: nguvu yote inamalizikia kwenye kuuliza nyota ataenda wapi, na hakuna anayeuliza nani atalipa, kwa nini, na kwa miaka mingapi. Jibu lilipokuja usiku wa kuamkia Julai 6, wengi walishangilia jibu la swali la kwanza. La pili wakalisoma haraka haraka chini ya habari.

Tulisome hapa kwa utulivu. Kwa kumtoa George, Oklahoma City walimpokea Shai, wakampokea Danilo Gallinari, wakapewa chaguo tano za raundi ya kwanza ya drafti: tatu za Clippers wenyewe za 2022, 2024 na 2026, zote bila kinga ya kubaki nyumbani zikiangukia nafasi za juu, na mbili za Miami. Juu yake wakapata haki ya kubadilishana chaguo mwaka 2023 na 2025. Yaani kuanzia 2022 hadi 2026 hakuna mwaka ambao Clippers wangeingia kwenye drafti wakiwa mabwana wa chaguo lao.

Sasa tazama walichonunua. Kawhi alisaini miaka mitatu, takriban dola milioni 103, na mwaka wa tatu ulikuwa wa hiari yake. George, kwa mkataba aliotoka nao Oklahoma, naye angeweza kuondoka kiangazi cha 2021. Deni ni la miaka saba, mali ina uhakika wa misimu miwili. Hapa ndipo ninapokataa kabisa utetezi wa kwamba soko ndilo lililolazimisha. Timu inayotoa chaguo hadi 2026 lazima iwe na mchezaji aliyefungwa kwa muda unaokaribia huo, au iweke kinga kwenye zile za mbele. Kinga ya chaguo 14 za juu mwaka 2022 peke yake ingebadilisha historia ya ligi, na nitaeleza kwa nini.

Mikataba hii mifupi yenye mlango wa kutokea nimeipinga tangu LeBron alipoifanya kuwa desturi aliporudi Cleveland 2014. Mchezaji ana haki ya kuidai. Lakini klabu inayoikubali haina haki ya kulipa kama vile imepewa mkataba wa kudumu.

Rudini kwenye mazungumzo yenyewe. Sam Presti, meneja mkuu wa Oklahoma City Thunder, alikuwa na George aliyekwisha omba kuondoka. Kwa kawaida mchezaji akiomba kuondoka, bei yake inashuka, kwa kuwa muuzaji anaonekana ana haraka. Safari hii ilipanda, kwa sababu Presti alijua kuwa Clippers hawanunui mtu mmoja. Bila George hakuna Kawhi. Mwenye kuku akishajua kwamba mgeni wako ameketi barazani, bei haishuki tena. Na Clippers, badala ya kupunguza kitu kimoja kila walipoongeza kingine, waliongeza tu: chaguo, halafu chaguo, halafu haki ya kubadilishana, na kijana juu. Katika mazungumzo ya namna hii lazima uwe na mstari mmoja usiovukwa. Wangeweza kusema: chukua chaguo zote, chukua Gallinari, mwache Shai. Au: mchukue Shai, chaguo za 2024 na 2026 zibaki nyumbani. Walitoa vyote viwili.

Na Shai hakuwa fumbo. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi zote 82, akaanza 73, kwenye timu iliyofuzu mtoano. Dhidi ya Warriors walewale wa Curry na Durant, mechi ya nne, alifunga pointi 25 akiwa na miaka 20. Tuliokesha tuliona jinsi anavyoingia ndani bila pupa, anavyosimama ghafla beki akipitiliza, anavyoutumia urefu wake kupiga juu ya walinzi wafupi. Alikuwa kwenye mkataba wa mgeni wa ligi, mshahara mdogo, miaka mitatu mbele. Ukiwa na nyota wawili wanaokula nafasi yote ya mishahara, hakuna mali yenye thamani kama kijana anayeanza kila mechi kwa bei ya mchezaji wa akiba. Huyo ndiye wa mwisho kuuzwa.

Tena angalieni nafasi anayocheza. Kawhi na George wote ni mawinga. Timu ya namna hiyo inahitaji pointi gadi mwenye kushika mpira, kutuliza mchezo dakika za mwisho na kuwapa mawinga mpira mahali wanapoupenda. Clippers walikuwa naye, wakampeleka Oklahoma, kisha wakatumia miaka kumtafuta. Reggie Jackson. Rajon Rondo. John Wall. Russell Westbrook. Mwishoni mwa Oktoba 2023 wakakubaliana na Philadelphia wamchukue James Harden, nao wakalipa chaguo zaidi. Kila mara niliposikia mtangazaji akisema kuwa Clippers wanakosa mwendesha mchezo, nilichukia upya.

Aliyenifanya niwe mkali juu ya jambo hili ni Jerry West. Kiangazi cha 1996 Lakers walimtaka Shaquille O'Neal, mchezaji huru mkubwa kuliko wote wa wakati ule, na hawakuwa na nafasi ya mishahara. West, aliyekuwa akiendesha usajili wa Lakers, alimtoa Vlade Divac kwenda Charlotte na kupokea haki za kijana wa miaka 17 aliyechaguliwa wa 13, Kobe Bryant. Bado nafasi haikutosha, akawapeleka George Lynch na Anthony Peeler Vancouver karibu bure. Kisha Shaq akasaini miaka saba, dola milioni 120. Tazama alicholipa: senta, yaani nafasi ileile ambayo Shaq alikuja kuijaza. Na tazama alichopata mkononi baada ya kulipa: kijana. Ndivyo usajili wa nyota unavyofanywa. Unauza kile ambacho anayekuja atakifanya kisihitajike, na unatoka na mtu wa kesho. Ubingwa wa 2000, 2001 na 2002 ulijengwa wiki ile. Inaniuma zaidi kwa kuwa mwaka 2019 West huyohuyo alikuwa mshauri wa Clippers, na wenye uamuzi walikuwa na kitabu kizima cha 1996 ndani ya jengo lao.

Hata upande wa pili wa msafara ule wa magari kulikuwa na somo. Masai Ujiri, kiongozi wa Toronto wakati ule, ambaye mama yake ni Mkenya, alimchukua Kawhi kutoka San Antonio Julai 2018 akijua anaweza kumpoteza baada ya msimu mmoja. Basi akalipa bei ya msimu mmoja: DeMar DeRozan, Jakob Poeltl na chaguo moja lenye kinga. Pascal Siakam alibaki. OG Anunoby alibaki. Fred VanVleet alibaki. Kawhi alipoondoka bila Toronto kupata chochote, timu ilishinda mechi 53 kati ya 72 msimu uliofuata. Bei iliendana na hatari, na ubingwa walikwisha uchukua.

Sitaki kuwanyima Clippers haki yao: kumuuza Tobias Harris Februari 2019 ili kufungua nafasi ya mishahara ilikuwa kazi safi.

Najua watakaosema kwamba bila George, Kawhi angekwenda kwa LeBron na Lakers wangekuwa hawashikiki. Lakers walichukua ubingwa wa 2020 hata hivyo, bila Kawhi. Clippers wakati huo waliongoza 3-1 dhidi ya Denver wakapoteza mechi tatu mfululizo na kocha Doc Rivers akaondoka. Walifika fainali ya Magharibi 2021, mara ya kwanza katika historia ya klabu, na hicho ndicho kilele cha mradi wote. Katika njia hiyo goti la Kawhi lilichanika dhidi ya Utah. Na miguu ile haikuwa siri: mechi 9 msimu wa 2017-18, mechi 60 msimu wa Toronto, akipumzishwa kwa ratiba. Unapompa Presti chaguo zisizo na kinga juu ya miguu hiyo, unampa bahati nasibu ambayo tiketi umezilipa wewe.

Ikamlipa. Msimu wa 2021-22 Kawhi hakucheza hata dakika moja, George akacheza mechi 31, Clippers wakakosa mtoano. Chaguo lao la 2022 likaangukia namba 12. Ile kinga niliyoitaja hapo juu ingelirudisha Los Angeles. Thunder wakamchukua Jalen Williams. Miaka mitatu baadaye, kwenye mechi ya tano ya fainali dhidi ya Indiana, Williams alifunga pointi 40. Shai alimaliza msimu huo akiwa mfungaji bora wa ligi, MVP wa msimu na MVP wa fainali, na Oklahoma City ikawa bingwa. Wachezaji wawili bora wa timu bingwa ya 2025 wametoka kwenye karatasi moja iliyosainiwa Los Angeles mwaka 2019.

George alikwisha ondoka wakati huo. Kiangazi cha 2024 alikwenda Philadelphia kama mchezaji huru, miaka minne, dola milioni 212, na Clippers hawakupata kitu. Siku Thunder wanakabidhiwa kombe, chaguo la Clippers la 2026, bila kinga, lilikuwa bado halijalipwa.