Miezi Tisa kwa Neno Moja

Kory Stamper, aliyekuwa mhariri wa kamusi za Merriam-Webster nchini Marekani, aliwahi kukaa mwezi mzima akilishughulikia neno moja tu, "take". Baadaye, akiwa mezani na watunga kamusi wenzake, akawasimulia masaibu yake. Mmoja wao alikuwa Peter Gilliver wa kamusi kubwa ya Oxford. Gilliver akasema kwa upole kwamba yeye alipewa "run", na ilimchukua miezi tisa.

Mtu anaweza kushika mimba na kujifungua katika muda huo. Na "run" ni neno la herufi tatu, ambalo mtoto wa shule ya msingi analijua kabla hajajua kuliandika. Lakini Gilliver hakuwa akizembea. Alipoweka kalamu chini, kitenzi hicho peke yake, ukiacha nomino yake, kilikuwa na maana 645. Kabla yake ubingwa ulikuwa wa "set": katika toleo la pili la kamusi hiyo, lile la mwaka 1989 lenye juzuu 20, "set" ilikuwa na maana zipatazo 430, zilizoelezwa kwa maneno kama 60,000. Hicho ni kitabu kizima.

Watu wengi hudhani kinachomtoa jasho mtunga kamusi ni msamiati mgumu: majina ya magonjwa, ya madini, ya sehemu za meli. Sivyo. Neno la kitaalamu lina mwenyewe. Unamwendea daktari au nahodha, anakuambia ni kitu gani, unaandika mistari miwili mitatu, unasonga mbele. J. R. R. Tolkien, kabla hajawa mwandishi wa kusifika, alifanya kazi katika kamusi ya Oxford mwaka 1919 na 1920, akagawiwa maneno ya herufi W. "Walrus" lilimsumbua, naye akaandika na kufuta mara kadhaa, lakini kilichomsumbua ni asili ya jina. Mnyama mwenyewe yuko pale pale, ana pembe zake mbili na masharubu, na hakuna anayebishana naye. "Run" haina mnyama wa kumwonyesha mtu kidole.

Samuel Johnson aliliona hili mapema. Katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755 alilalamikia vitenzi vya kawaida kama "run", "set" na "take", ambavyo maana zake zimelegea na kusambaa hadi hazishikiki. Akiwa na wasaidizi sita tu wa kunakili, "take" peke yake aliigawa katika maana 134. Ukiusoma ukurasa wake leo unaweza kusahihisha hapa na pale, lakini huwezi kumcheka.

Kazi yenyewe huanzia kwenye vikaratasi. Mwaka 1879 James Murray alipokabidhiwa kamusi ya Oxford, alitoa wito kwa wasomaji wa Uingereza, Marekani na kwingineko wasome vitabu na kunakili sentensi: kikaratasi kimoja, neno moja, sentensi moja, jina la kitabu na mwaka. Vile alivyorithi kwa mtangulizi wake pekee vilikuwa na uzito wa karibu tani mbili, na katika gunia moja panya alikuwa amezalia humo. Murray akajenga banda la mabati, akalijaza visanduku zaidi ya elfu moja ukutani. Baridi ya humo ilimlazimu wakati mwingine kutia miguu ndani ya boksi ili upepo usimpate. Watoto wake walipewa vijisenti kwa kupanga vikaratasi.

Alipovifungua, akakuta jambo ambalo kila mtu wa fani hii hulitaja hadi leo. Kwa neno "abusion", la zamani na adimu, alikuwa na mifano kama 50. Kwa "abuse", linalosemwa kila siku, haikufika hata mitano. Wasomaji wale walikuwa watu makini, wengine wasomi wakubwa, lakini jicho lao lilivutwa na kigeni, likalipita la kawaida bila kuliona. Murray akalazimika kuwaomba watu wasome tena, safari hii watafute maneno ambayo hakuna anayeyatafuta. Naona hapo ndipo ufundi huu unapoanza hasa. Ni kujizoeza kuona kile ambacho ujuzi wako wa lugha umekufundisha kukipuuza.

Sasa tukae na Gilliver mezani kidogo. Mbele yake kuna maelfu ya mifano ya "run", na wazungumzaji wa Kiingereza hulitumia neno hilo kwa mtoto anayekimbia, mto unaotiririka, pua inayotoka kamasi, rangi inayochuja kwenye beseni, basi linalofanya safari zake, mwanasiasa anayegombea kiti, mama anayeendesha hoteli, gazeti lililochapa habari, soksi iliyofumuka uzi, na mkataba ambao muda wake haujaisha. Mtunga kamusi anaanza kugawa mafungu. Fungu la kwanza linaonekana rahisi: kiumbe mwenye miguu anayekwenda mbio. Mtoto, farasi, mwizi.

Mwizi analeta tabu mara moja. Sentensi moja inasema alikimbia polisi, na kwa miguu yake kweli. Nyingine inasema alikimbia, lakini ukisoma vizuri alikuwa amepanda gari. Kwa hiyo miguu si lazima. Kilichobaki ni kutoroka. Hata sisi husema waziri fulani amekimbia nchi, na kila mtu anajua alipanda ndege. Mwizi inabidi atolewe kwenye fungu la farasi, awekewe lake.

Kisha maji. Mto unatiririka, vizuri. Bomba nalo, kwa Kiingereza, linafanya vivyo hivyo, na pua pia. Lakini pua haitiririki popote. Iko pale pale usoni, kinachotiririka ni kamasi. Kwa hiyo yako mafungu mawili: kimiminika kinachokwenda, na chombo kinachokitoa. Tofauti hiyo ni ndogo, na mzungumzaji wa Kiingereza anaweza kufa na miaka 90 bila kuwahi kuigundua, wala hatakuwa amepungukiwa na chochote. Mtunga kamusi hana ruhusa ya kutoigundua.

Halafu basi. Mtu akisema basi la asubuhi haliendi Jumapili, hazungumzii mwendo wa magurudumu, anazungumzia ratiba. Halafu injini. Gari limesimama, injini inanguruma, hakuna kilichosogea hata inchi moja, na bado ni "run". Hapo mwendo wenyewe umeshatoweka, imebaki hali ya kuwa kazini. Ukishafika hapo mlango umefunguka: mtu anaiendesha mashine, anakiendesha kinu, anaendesha kiwanda, anaendesha hoteli, anaendesha nchi. Simon Winchester, aliyeandika sana juu ya kamusi ya Oxford, alionyesha mwaka 2011 kwamba ni mashine zilizolivimbisha neno hili, kwanza za viwanda, kisha kompyuta. Zamani sana, Kiingereza cha kale kilipokuwa bado kinafanana na Kijerumani, kitenzi hicho kilikuwa na kukimbia na kutiririka, na si mengi zaidi.

Mgawaji anajuaje kwamba amefika mahali pa kukata? Yapo majaribio, na moja linafurahisha kwa sababu linafanya kazi hata kwa Kiswahili. Chukua matumizi mawili, uyafunge kwa kitenzi kimoja. "Amepiga mbwa na punda": hakuna atakayecheka, maana ni moja. "Amepiga simu na pasi": msikilizaji atacheka, au atauliza simu ilipigwaje pasi. Kicheko hicho ni ushahidi kwamba kuna maana mbili zilizolazimishwa kulala kitanda kimoja. Si jaribio la mwisho, kwa kuwa kuna kesi ambazo nusu ya watu watacheka na nusu hawataona kichekesho. Ndiyo maana katika kila ofisi ya kamusi kuna wachanganyaji na wachanganuzi. Wachanganyaji huona maana 10 ambapo wachanganuzi huona 40, na wote wawili wana hoja. Mimi moyo wangu uko kwa wachanganuzi, ingawa nakiri kwamba kamusi iliyoandikwa nao watupu ingemchosha mwanafunzi kabla hajafika nusu ya ukurasa.

Wapo waliokuja na njia nyingine. Kundi la John Sinclair katika Chuo Kikuu cha Birmingham lilikusanya matini kwenye kompyuta, na mwaka 1987 likatoa kamusi ya COBUILD. Kompyuta ilipanga kila mfano katika mstari wake, neno linalochunguzwa likiwa katikati, hivyo jicho lilishuka kama kwenye safu na kuona majirani wanaojirudia. Ikaonekana kwamba "take" mara nyingi halina habari na kuchukua kitu kwa mkono. Liko katika kutupia jicho, kushiriki, kutokea. Kitenzi kimebaki mchukuzi tu. Mzigo wa maana uko kwa nomino inayofuata.

Msomaji wa Kiswahili akisikia hayo, bila shaka anaifikiria "piga". Nasi tuna mabingwa wetu: piga, tia, kata, pata. Watunga kamusi wa Kiswahili wamehangaika nao tangu Krapf mwaka 1882, Madan mwaka 1903, Johnson mwingine na Sacleux mwaka 1939, hadi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) na Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Njia iliyozoeleka ni kuanza na kugonga kwa mkono au kwa kitu, kisha kuandamanisha misemo: piga simu, piga deki, piga chafya, na kuendelea. Ni njia ya uaminifu, maana haifichi chochote. Lakini inamwachia msomaji kazi ya kugawa mafungu, na mafungu yapo.

Tazama: piga mswaki, piga pasi, piga randa, piga msasa. Katika yote hayo kinachotajwa baada ya kitenzi si kinachopigwa, ni kifaa kinachopitishwa juu ya kitu tena na tena. Meno, shati na ubao ndivyo vinavyopata taabu. Weka kando piga honi, piga filimbi, piga kengele, ambapo kifaa kinatolewa sauti. Weka kando piga chafya, piga miayo, piga yowe, ambapo hakuna kifaa kabisa, ni kitu kinachotoka mwilini. Piga muhuri, piga chapa na piga picha vinaacha alama. Piga magoti ni jinsi mwili unavyokaa. Na siku hizi, Tanzania, mtu akisema fulani "amepiga", bila kitu chochote baada ya kitenzi, hatuulizi amempiga nani. Tunauliza ni shilingi ngapi, na za mradi gani. Maana hiyo imezaa nomino zake, mpigaji na upigaji, na ina sarufi yake: ukiiongezea simu au pasi inatoweka papo hapo. Inastahili fungu lake na namba yake, si kuchomekwa mwishoni mwa misemo.

Mwenye kutunga kamusi ya lugha mbili ana mtihani wa aina nyingine. Yeye "run" lazima aitawanye: kimbia, toroka, tiririka, chuja, gombea, endesha, fumuka. Kila neno la Kiswahili linakata kipande chake na kuacha kingo, na kingo hizo hazilingani na zile alizokata Gilliver. Pale Mwingereza alipohitaji maana mbili kwa mto na pua, Kiswahili kinasema mto unatiririka, pua inatoka kamasi, na ugomvi unakwisha wenyewe. Pale ambapo Mwingereza ana moja, Kiswahili kinaweza kudai tatu.

Hakuna anayepongezwa kwa haya. Kamusi ya Oxford ilipoanza kuandaliwa na Murray ilitarajiwa kuchukua miaka 10. Ilikamilika mwaka 1928, na yeye alikuwa amefariki mwaka 1915. Msomaji hufungua, huona kile alichokijia, hufunga. Asipoona kasoro, kazi imefanyika vizuri.

Kwa hiyo ukienda kununua kamusi, ya lugha yoyote, usihesabu kurasa wala usiangalie kama ina majina mapya ya teknolojia. Fungua "piga", au "run" ikiwa ni ya Kiingereza. Soma kitomeo chote, yaani maelezo yote ya neno hilo, hapo hapo ulipo, hata muuzaji akikukunjia uso. Ukiona mafungu yamepangwa kwa sababu unayoweza kuieleza, na kila fungu lina mfano wa sentensi ambayo mtu angeisema kweli, lipa. Ukikuta mstari mmoja na visawe vinne, rudisha kitabu mahali pake.