Mlango Namba 0

Programu ya Python inapofika kwenye mstari wenye input(), husimama ikasubiri. Haisubiri kibodi, kwani kibodi haiijui. Hutega sikio kwenye mlango namba 0, wa kwanza kati ya mitatu ambayo kila programu hukabidhiwa inapoanzishwa kwenye mifumo ya ukoo wa Unix. Namba 1 ni wa kutolea majibu na namba 2 wa kutolea makosa. Nani amekaa nje ya mlango huo huamuliwa na aliyeianzisha programu. Ufundi wote wa kuifanya programu isikie umo katika kumtambua huyo.

Aliye nje akiwa terminali, dirisha la kuandikia amri, hakuna fumbo. Terminali ni mrithi wa mashine za Teletype zilizokuwa na kibodi na karatasi mahali pamoja, na jina la tty limebaki kwenye Unix hadi leo. Kihariri cha msimbo ni habari nyingine, kwa sababu kilibuniwa kuandikia, si kuzungumzia. Sublime Text humwaga matokeo kwenye kidirisha cha kusoma tu, na programu inayoomba jina huangushwa na EOFError: imeambiwa maneno yamekwisha kabla hayajaanza. Kwenye VS Code, kiendelezi cha Code Runner huleta kichekesho. Programu inangoja kimya, mwanafunzi anaandika "Asha", na jina linatua katikati ya msimbo wake mwenyewe.

Mwanagenzi huanza kuuchokonoa msimbo usio na kosa. Fundi haugusi. Huiendesha programu ile ile kwenye terminali tupu. Ikisikia huko, ugonjwa uko kwenye kihariri, na dawa yake ni mstari mmoja wa mipangilio: code-runner.runInTerminal iwe true. Kwa anayetumia kitatuzi cha VS Code, ni console ndani ya launch.json iwe integratedTerminal. Uzuri wa ufundi huu ni uchache wa kinachobadilishwa.

Waandishi wa lugha ya C hukutana na kioja kingine, swali kujitokeza baada ya jibu. Matokeo yasipokwenda kwenye terminali, printf huyalimbikiza mpaka akiba ijae au programu imalizike. Amri ya fflush(stdout) huyaachilia papo hapo.

IDLE, kihariri kinachokuja na Python yenyewe, hakihitaji lolote kati ya haya: dirisha linalotoa swali ndilo linalopokea jibu.