KUFULI LA MTO AU JARUBA LA MASHUA?

Tumepata kusoma tafsiri ya habari za safari ya mashua huko Ulaya, ambamo abiria wanapita katika "makufuli ya mto" huku mvua ikiwanyeshea. Msomaji wa Mbeya au Iringa hana budi kujiuliza ni nani aliyeufunga mto huo, na ufunguo anao nani. Chanzo cha kosa ni dhahiri: Kiingereza hutumia neno moja kwa kufuli la mlango na kwa kifaa hicho cha mtoni, na mfasiri ameshika maana iliyokuwa karibu.

Kifaa chenyewe ni chumba kilichojengwa mtoni au mferejini, chenye lango mbele na nyuma. Mashua ikiisha kuingia, lango la nyuma hufungwa. Maji huingizwa au hutolewa polepole mpaka yalingane na yale ya upande iendako. Ndipo lango la mbele hufunguliwa. Hivyo ndivyo meli zinavyopandishwa mita 26 hivi juu ya usawa wa bahari katika Mfereji wa Panama, uliofunguliwa mwaka 1914. Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, hauna vyumba hivyo, kwani bahari za pande zake mbili karibu zinalingana.

Je, tuseme "banio" au "lango la maji"? Hatuoni hivyo. Banio, kama wanavyolitumia wakulima wa Usangu, huzuia maji ya mto na kuyaelekeza mferejini. Mto uo huo wa Ruaha Mkuu hufika Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, na huko malango ya bwawa ni ya kutolea maji yaliyozidi. Mashua haipiti hapo. Jambo hili si la ufasaha tu. Wakati wa mvua nyingi, tangazo kwamba malango ya bwawa yatafunguliwa huwaonya wavuvi na wakulima wa bondeni wajihadhari. Neno hilo likipewa pia maana ya njia ya mashua, onyo litasomeka kama ruhusa ya kupita.

Sisi tunapendekeza "jaruba la mashua". Mkulima wa mpunga wa Mbarali alijua jaruba vema: ni kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta, ambamo maji huingizwa, huzuiwa, kisha hutolewa kwa wakati wake. Kazi ya chumba kile ni hiyo hiyo. Yaweza kusemwa kwamba jaruba lina kina kifupi na halipandishi kitu. Ni kweli, lakini neno la pili, mashua, ndilo linalobeba tofauti hiyo.

Tunawaomba walimu na wafasiri walijaribu neno hili mbele ya wasomaji wao, hasa wale wanaoishi na mifereji, kabla halijasanifishwa.