Riwaya na Mbebaji Wake

Shairi la Kiswahili halihitaji mchuuzi. Likishatimia vina na mizani, hupokewa na midomo ya watu, likaghaniwa barazani, likatiwa sauti na kuwa wimbo wa taarabu, au likajibiwa gazetini na malenga wa mji mwingine. Na huyo anayelijibu kwa kulipinga huwa ndiye aliyelitangaza zaidi. Riwaya haikujaliwa bahati hiyo. Haighaniwi harusini, wala haikai kifuani mwa mtu hata aifikishe kwa jirani yake. Ni mzigo wa karatasi, na mzigo hauendi ila kwa mbebaji. Ndiyo maana swali la namna mtunzi wa riwaya anavyoigawa siku yake baina ya kuandika na kukinadi kitabu chake, swali ambalo mshairi anaweza kulipita kwa tabasamu, ni zito kwa mtunzi wa nathari. Aghalabu hujibiwa kwa wepesi: asubuhi ni ya kalamu, jioni ni ya wateja.

Jibu hilo halisimami mbele ya habari za Ziwa Viktoria. Anayesafiri kutoka Mwanza kwenda Musoma hupita Lamadi, mji wa njiapanda katika wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, mahali inapochepukia barabara ya Bariadi. Lango la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti liko jirani. Upande wa pili ni maji ya Ghuba ya Speke. Magharibi, ng'ambo ya maji hayo, ndiko kilipo kisiwa cha Ukerewe, kilichowatoa Aniceti Kitereza, Euphrase Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika. Visiwa vichache vya Afrika Mashariki, ukiiweka kando Unguja, vinaweza kujivunia watunzi watatu wa riwaya wa kiwango hicho. Kitabu kikitoka Ukerewe kwa kivuko cha Rugezi hadi Kisorya, kikaishika barabara ya Bunda, hakina umbali wa kutisha kufika Lamadi. Kitabu cha Kitereza hakikupita njia hiyo.

Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ni hadithi ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wanaopendana na wasiojaliwa mtoto, na ndani yake mna kilimo, uvuvi, uganga, ukwe na adabu za nchi nzima. Huyu ndiye mwandishi ambaye wengi humwota: kalamu, meza, na hakuna anayemwita nje kwenda kujieleza. Malipo ya utulivu huo yalikuwa makali. Padre Simard wa Kanada, aliyemtia moyo na kuanza kuutafsiri mswada kwa Kifaransa, alifariki kabla kazi hiyo haijazaa kitabu. Hapakuwa na mchapishaji aliyeupokea mswada mnene wa lugha ya kisiwa kimoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, walipokutana na mzee huyo, njia iliyobaki ilikuwa moja tu, nayo ni Kiswahili.

Kitereza, ambaye umri wake ulikuwa umekwisha fika miaka sabini, aliketi akakiandika kitabu chake upya, ukurasa kwa ukurasa, katika lugha isiyokuwa ya mama yake. Kama kuna tendo linalostahili kuitwa kunadi kitabu, ni hilo. Hakupanda jukwaani, hakutia saini nakala za watu. Alikibeba kitabu kwa kalamu ile ile iliyokitunga. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwandishi alifariki mwaka 1981, kabla ya kukishika mkononi.

Msomaji wa leo anayekifungua huuona utulivu ule katika mwendo wa sentensi zake. Myombekere anatakiwa na wakwe zake kupeleka pombe ya ndizi ndipo arudishiwe mkewe, na utengenezaji wa pombe hiyo unasimuliwa bila haraka, hatua kwa hatua, pamoja na majirani wanaokuja kusaidia na maamkizi yao. Mtu aliyezoea kuuza angeyakata maamkizi hayo. Angehofia kwamba mteja atachoka. Kitereza hakuwa na mteja wa kumhofia, na kwa hiyo adabu ya watu wake imebaki nzima ndani ya kitabu.

Upande wa pili wa mizani umekaa riwaya ya gazeti. Eric Shigongo, aliyechaguliwa mwaka 2020 kuwa mbunge wa Buchosa, jimbo la ziwa hilo hilo, alijenga jina lake kwa hadithi za mfululizo katika magazeti ya kampuni yake mwenyewe. Hapa kuandika na kunadi ni kazi moja: kila sehemu hukoma mlango ukigongwa, na anayetaka kujua nani anagonga hununua toleo lijalo. Wahakiki wanaoidharau sanaa hii wakumbuke kwamba gazeti hufika kwenye vituo vya mabasi, nalo duka la vitabu halifiki. Lakini sehemu zikishonwa kuwa kitabu, mishono huonekana. Ya jana hurudiwa kwa ajili ya aliyekosa toleo, na mlango hugongwa mara nyingi mno kuliko wageni waliopo. Soko halikuchukua saa za mwandishi. Liliingia katika aya zake, jambo ambalo hakuna ratiba iwezayo kulizuia.

Kezilahabi alikuwa na mnadi wa ajabu zaidi, yaani marufuku. *Rosa Mistika* (1971) ilipigwa marufuku shuleni, na baadaye ikaingia shuleni kuwa kitabu cha kufundishia. Katika Tanzania mtaala ndio mnunuzi mkubwa wa riwaya, na aliyekwisha mpata mnunuzi huyo ana kila sababu ya kuendelea kumridhisha. Kezilahabi alitoa *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), vitabu vyembamba visivyompa mwanafunzi kisa cha kukariri wala funzo la kunakili. Ni vigumu kupata katika fasihi ya Kiswahili mfano mwingine wa mtunzi aliyewapa kisogo wateja wake kwa utulivu kama huo.

Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel tarehe 7 Oktoba 2021. Wengi waliamini kwamba safari, hotuba na mahojiano vingeinyamazisha kalamu. Hesabu inasema vingine: baina ya *Afterlives* (2020) na *Theft* (2025) ni miaka mitano, ilhali baina ya *Desertion* (2005) na *The Last Gift* (2011), wakati alipokuwa mwalimu wa chuo kikuu asiyesumbuliwa na kamera, ilipita sita. Umaarufu haukuchelewesha kuliko ualimu. Kilichochelewa ni kufika nyumbani: *Paradise* ya mwaka 1994 ilisomwa kwa Kiswahili mwaka 2022, ilipotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi*. Miaka 28, kwa kitabu kinachozungumza habari za pwani hii hii!

Kitereza naye alipata mbebaji baada ya kufa. Ruhumbika, mtunzi wa *Miradi Bubu ya Wazalendo*, aliiweka kalamu yake katika utumishi wa mzee wa kisiwa chake, akauendea mswada wa Kikerewe wenyewe na kuutafsiri kwa Kiingereza. Mkuki na Nyota ikaitoa tafsiri hiyo mwaka 2002. Saa alizozitumia kwa kazi hiyo zilikuwa saa za riwaya zake mwenyewe.