Kiraka, Hoja na Jibu: Istilahi za Kurekebisha Kiini cha Linux

Miongoni mwa maandishi ya kompyuta yanayostahili kufasiriwa kwa Kiswahili umo mwongozo wa kupeleka marekebisho katika kiini cha Linux, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayozigawia programu kumbukumbu na muda wa kichakataji. Kiini hicho kilianzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, na tangu hapo kimejengwa na maelfu ya watu ambao wengi wao hawajapata kuonana. Kinachowaunganisha ni maandishi: mmoja hupeleka kiraka, wengine hukisoma na kutoa hoja, naye hujibu. Kwa hiyo istilahi za shughuli hii si za mashine tu. Ni za wajibu wa mtu kwa mtu, na hapo ndipo rasimu za tafsiri tulizopata kuzisoma zinapopotoka.

Kuhusu neno kiraka hatuna ugomvi. Wako wanaolalamika kwamba lanuka umaskini, kama suruali iliyoshonwa magotini. Lakini neno la Kiingereza nalo latoka kwenye nguo hiyohiyo. Na zamani, programu zilipotobolewa katika kanda za karatasi, kosa lilizibwa kwa kubandika kipande cha karatasi. Kiraka na kibaki.

Ugomvi wetu ni juu ya neno ukaguzi. Mtumishi wa serikali asikiapo "kujibu hoja za ukaguzi" hufikiri mara moja juu ya vocha zilizopotea na barua ya kujitetea; na hoja ikijibiwa kwa vielelezo vya kutosha, hufungwa. Mwongozo tunaouzungumzia wadai jambo jingine. Aliyeleta kiraka hana budi kuijibu kila hoja, kwani asiyejibu huenda asisomwe tena. Aidha abadili msimbo, aidha aeleze kwa nini habadili. Na hoja isiyoleta badiliko lolote katika msimbo haiachwi ipotee: yapasa ielezwe katika maelezo ya kiraka au ndani ya msimbo wenyewe, kwa sababu kilichomtatiza msomaji wa leo kitamtatiza na wa kesho. Hapo hakuna mshitakiwa. Yupo mwandishi aliyeambiwa kwamba hakueleweka.

Je, tuseme mapitio? Neno ni la upole, lakini ni jepesi mno. Kupitia jalada ofisini ni kuandika "Nimeona" na kulisukuma mbele. Sisi twachagua kuhakiki, ingawa twajua kwamba tangu uhakiki wa vyeti wa miaka ya 2016 na 2017 neno hilo limewatia watumishi wengi wa Tanzania baridi. Wahakiki wa fasihi walilitumia kabla ya hapo kwa maana ya kupima kazi, nalo lina haki ya kurudi kwao.

Uzito wa uchaguzi huu waonekana katika alama zinazoandikwa mwishoni mwa maelezo ya kiraka, kila moja ikifuatwa na jina la mtu. Rasimu moja imezifasiri tatu kati yake kwa neno moja, "Imeidhinishwa na". Hili ni kosa kubwa. Alama ya saini, iliyoanza kutumika mwaka 2004, haisemi lolote juu ya ubora. Mwenye kuitia athibitisha kwamba ana haki ya kuitoa kazi hiyo chini ya leseni yake. Alama ya pili yasema tu kwamba mhusika amekitazama kiraka, pengine sehemu yake tu, naye hana kipingamizi. Ya tatu ndiyo nzito: mhakiki atamka kwamba amekichunguza kitaalamu, amemfikishia mwandishi mashaka yake, na ameridhika na majibu aliyopewa. Palipo na mashaka, bila jibu la mwandishi tamko hilo halina msingi. Na toleo la pili likibadilika sana, mwandishi hupaswa kuiondoa alama hiyo na kusema kwamba ameiondoa. Mfasiri aandikapo "Imeidhinishwa na" amempa mtu mmoja mamlaka asiyokuwa nayo, na mwingine amemnyang'anya dhamana aliyoibeba.

Kwa hiyo twapendekeza "Saini ya", "Imeafikiwa na" na "Imehakikiwa na". Kwa yanayosemwa na mhakiki twapendekeza hoja, wala si maoni, maana maoni hupokelewa kwa shukrani na kuwekwa kabatini. Neno la kati, kuafiki, halituridhishi kabisa: lakaribia mno kukubali, hali mwenye alama hiyo pengine hana kipingamizi tu. Msomaji mwenye neno lililo bora na atuandikie.