Wati 2,400 na Kopo Tupu

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: jirani yangu wa Kihonda, Morogoro, alikosea. Kaunta moja, mashine mbili za kufyonza vumbi, bei zikipishana kidogo tu. Akaiacha ile ya mfuko yenye wati 800, akabeba ile ya kopo yenye wati 2,400. Mengine yote aliyafanya vizuri: alipima urefu wa waya, akakagua magurudumu yasije yakakwaruza tailizi, akadai na domo dogo la makochi. Kwa hayo nampa alama zake.

Sasa tuitazame dakika yenyewe. Muuzaji alimwaga mchele na vipande vya karatasi juu ya tailizi iliyodekiwa asubuhi, akawasha, vyote vikatoweka, waliosimama karibu wakaguna kwa kuridhika. Onyesho hili mmeliona wote, nami nimelipigia kelele mpaka wahariri wamenichoka. Halipimi kitu. Mchele ni punje kubwa na nzito. Ufagio wa chelewa unauondoa bure. Adui wa nyumba za Kihonda na Mkundi ni vumbi jekundu la barabara za udongo, lile la Juni hadi Oktoba linalopenya kwenye nyavu za madirisha na kutulia juu ya feni. Hilo halikumwagwa pale dukani. Na kopo lilikuwa jipya, tupu, chujio jeupe. Mashine gani isiyofyonza vizuri ikiwa tupu?

Kosa hilo limewahi kufanywa na wakubwa kuliko muuzaji wetu. Septemba 2014 Umoja wa Ulaya ulianza kubandika lebo za ubora kwenye mashine hizi, na vipimo vyake vilifanywa zikiwa hazina vumbi ndani. Kampuni ya Dyson ilikwenda mahakamani, na Novemba 2018 Mahakama ya Umoja huo ikaifuta kanuni ya lebo, kwa hoja kwamba kipimo hakikufuata hali halisi ya matumizi ya nyumbani. Najua mtaniambia Dyson huuza mashine za kopo na ilikuwa inailenga mifuko. Kweli kabisa. Mfuko ukijaa, nguvu ya kufyonza hushuka, na anayetetea mfuko bila kulikubali hilo anawadanganya wasomaji wake.

Ila mwasisi wa Dyson alipitia vielelezo 5,127 kabla ya kuridhika na mashine yake, na ndani yake hewa huzungushwa kwa kasi kubwa ili vumbi litupwe pembeni. Mashine za kopo za bei nafuu zinazojaa madukani kwetu nyingi zina mzunguko mmoja tu, mpana na mvivu. Mchanga hutupwa pembeni, nywele hubaki, lakini vumbi laini halina uzito wa kutupika. Linaifuata hewa hadi kwenye chujio na kuliziba. Chujio likiziba, hewa haipiti. Mota nayo hupozwa na hewa hiyohiyo, kwa hiyo huanza kupiga mluzi na kuchemka. Jirani anasikia kelele zinaongezeka, anadhani nguvu imeongezeka.

Hapo ndipo wati zinapomponza. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni umeme unaoliwa na mota. Hazisemi ni vumbi kiasi gani linatoka sakafuni, na sehemu kubwa yake huishia kuwa joto na kelele. Ulaya iliweka kikomo cha wati 1,600 mwaka 2014, ikakishusha hadi 900 mwaka 2017, na makapeti ya Ulaya hayajaota majani. Cha kuuliza ni kilopaskali za mfyonzo na kiasi cha hewa kinachopita kwa sekunde. Kama boksi halisemi, kuna sababu halisemi. Gharama ya umeme wa LUKU siipigii kelele: nusu saa ya wati 2,400 ni uniti 1.2, na kwa shilingi 356 kwa uniti tofauti na ile ya wati 800 haifiki mia tatu. Ninachoogopa ni zile ampia 10 na ushee zinazopita kwenye ekstensheni nyembamba ya nyaya mbili, huku friji na televisheni zimechomekwa palepale.

Kuna jambo baya zaidi, na hapa nina kinyongo cha siku nyingi. Nyumba ya jirani ina mtoto wa pumu. Kopo linamwagwa kwa kulifungua na kuligonga, na vumbi lote lililokusanywa kwa dakika ishirini linarudi puani mwa anayemwaga. Mfuko unafungwa mdomo, unatupwa, basi. Hata chujio la HEPA la daraja H13, linalonasa asilimia 99.95 ya chembe zilizo ngumu zaidi kunaswa, halimsaidii mtu anayemimina kopo uani upepo ukielekea dirishani. Chujio lenyewe, wanasema, linaoshwa. Sawa. Baada ya kuoshwa linahitaji siku nzima kukauka. Masika yakiingia, wingu likikalia Uluguru kuanzia Machi hadi Mei, wa Bigwa na Kigurunyembe wataniambia siku nzima inageuka siku ngapi. Likirudishwa bichi, nyumba inanuka ukungu na mota inavuta unyevu.

Jirani alijitetea kwamba mifuko haipatikani Morogoro. Ndiyo hoja yake pekee yenye uzito. Lakini nyumba inayoagiza vipuri vya pikipiki kutoka Kariakoo inashindwaje kuagiza pakiti ya mifuko ishushwe stendi ya Msamvu? Isitoshe, zipo mashine zenye mfuko wa kitambaa unaofuliwa.

Waliotutangulia walilijua hili. Hubert Cecil Booth, Mwingereza aliyetengeneza mashine ya kufyonza mwaka 1901, alianza kwa kuweka leso mdomoni na kuvuta hewa kwenye kiti cha mgahawa, akaona uchafu umenasa kwenye leso. Kitambaa kikanasa vumbi. Mfuko nao hufanya kazi hiyohiyo. Henry wa kampuni ya Numatic, lile pipa jekundu lenye sura ya kuchorwa, yupo sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ana mfuko, ana wati 620, na wafanya usafi wa maofisini Uingereza hawajamwacha. Na bibi zetu wa Kilakala walinyunyiza maji kwanza, ndipo wakafagia uwanja. Hawakuwa na neno maikroni, lakini hawakulirusha vumbi hewani ili walivute tena. Mashine mpya ya jirani, pamoja na taa zake za buluu, haijafika hapo.

Risiti yake imeandikwa kile kile mnachokijua: mali ikishauzwa hairudishwi. Basi anunue machujio mawili ya akiba, moja likauke wakati jingine likifanya kazi, kopo alimwage kabla halijafika nusu, nje, ndani ya mfuko wa takataka, amevaa barakoa, mtoto akiwa mbali. Nanyi mtakaokwenda dukani mwezi huu, bebeni vumbi la nyumbani kwenu kwenye kopo la maziwa na mwambieni muuzaji afyonze hilo.